Kabla ya kukilaumu Kiswahili, litazameni neno "pendana"

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita ulichapisha barua ya mzazi aliyelalamika kwamba vijana wanamaliza kidato cha nne hawawezi kuandika hata barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Akamtaja na mchawi: Kiswahili. Watoto, alisema, wanakizungumza nyumbani, wanakizungumza uwanjani, mpaka kinawafuata kwenye karatasi ya mtihani. Akataka shule zote zikipige marufuku kuanzia getini. Uchungu wake naujua, kwa sababu nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 34, kwanza Korogwe, halafu Tanga mjini, na sasa nimestaafu, nipo Muheza. Lakini dawa anayoipendekeza nimeona watoto wakinyweshwa, na nimeona ilivyowafanya. Naomba nafasi nimjibu kwa jambo moja tu la sarufi, ambalo limenifika barazani kwangu mwezi huu huu.

Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza, anasoma bweni. Akija likizo huwa namwomba madaftari na karatasi zake zote, tunakaa barazani, yeye na machungwa yake, mimi na miwani yangu. Safari hii alinipa jaribio la Kiingereza akiwa amelikunja mara nne. Nikalikunjua. Swali la kujaza nafasi lilihusu dada wawili wanaosaidiana kazi za nyumbani, naye alijaza hivi: "The two sisters help one another." Kalamu nyekundu ilikuwa imeyakata maneno mawili ya mwisho, juu yake pameandikwa "each other", na pembeni maelezo: watu wawili ni "each other", zaidi ya wawili ni "one another". Alama mbili zimekwenda.

Nikageuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na insha fupi juu ya rafiki yake. Nazinukuu sentensi tatu kama zilivyo. "Me and Rehema we love ourselves very much." "I met each other with her in Standard Four." "We depend each other in everything." Hakuna hata moja iliyoguswa. Insha yote imepigwa tiki moja kubwa, na chini yake pana pongezi.

Yaani mtoto amekatwa alama pale alipopatia, na pale alipokosea amepongezwa.

Sikumpigia simu mwalimu wake, na wala sitaki mtu amtafute. Ni kijana, ana mikondo minne, kila mkondo watoto zaidi ya 70, na insha zote hizo anazisahihisha usiku. Halafu, kanuni aliyoitumia hakuitunga yeye. Mimi mwenyewe niliifundisha miaka 11, kwa sauti ya juu, na watoto wakaikariri: wawili hivi, wengi vile. Niliipokea kwa mwalimu wangu, naye aliipokea kwa wake.

Aliyenifanya niichunguze ni mwanafunzi. Mwaka 1996 nilikuwa Korogwe. Msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa mchungaji, alikuja ofisini na Biblia ya Kiingereza cha kale, ile ya Mfalme James iliyotoka mwaka 1611. Hakuja kwa kiburi, alikuja kwa kunyenyekea kabisa, amepiga goti kidogo kama walivyolelewa watoto wa kule. Akaifungua Samweli wa Kwanza, sura ya 20, mstari wa 41, pale Daudi na Yonathani wanapoagana, akanisomea: "they kissed one another, and wept one with another". Akaniuliza, "Samahani Mwalimu, hawa si wawili?"

Mimi ni Mwislamu, Biblia ya Kiingereza sikuwa nayo nyumbani. Nikamwomba aniachie mpaka kesho. Usiku ule nilikaa na kibatari nikifuata marejeo ya pembeni, nikamkuta Yakobo na mkwewe Labani katika Mwanzo 31:49, wakiwekeana ahadi mpakani: "when we are absent one from another". Nao wawili. Kisha nikafika Yohana 13:34, Yesu akiwausia wanafunzi wake wote: "love one another". Hao ni wengi. Maneno ni yale yale, ya wawili na ya wengi, katika kitabu ambacho Waingereza wenyewe wamejifunzia Kiingereza kwa mamia ya miaka. Na katika Wafilipi 2:3 nilikuta jambo lililonifungulia mlango mwingine: "let each esteem other better than themselves". Hapa "each" na "other" yametengana. "Each" ndiye mtendaji, yaani kila mmoja, na "other" ndiye mtendewa, yaani mwenziwe. Zamani yalikuwa maneno mawili, kila moja na kazi yake, na baadaye ndiyo yakashikana yakawa kama neno moja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda maktaba ya mkoa, Tanga. Nilimkuta Fowler, yule Mwingereza ambaye kamusi yake ya matumizi ya lugha ilitoka mwaka 1926 na ambaye walimu wetu walimtaja kama mzee wa baraza. Nilitegemea ataitetea kanuni. Kumbe anasema kuitenganisha "each other" ya wawili na "one another" ya wengi hakuna faida, wala hakuna msingi katika historia ya matumizi. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kanuni yenyewe imo katika kitabu cha sarufi cha George Ussher cha mwaka 1785, yaani miaka zaidi ya 170 baada ya ile Biblia. Waandishi wazuri wa Kiingereza waliendelea kuandika kama walivyozoea, maneno yote mawili kwa watu wawili na kwa wengi, mpaka leo. Tofauti iliyopo ni ya ladha tu: "one another" ina harufu kidogo ya maandishi na mimbari, "each other" ndiyo inayosikika zaidi mdomoni.

Nilirudi darasani nikawaambia watoto kwamba nilikuwa nimewafundisha jambo lisilo na mizizi. Yule binti wa mchungaji alikaa kimya, hakutaka wenzake wajue ni yeye.

Mjukuu wangu alipoisikia hadithi hii aliuliza swali ambalo mtoto yeyote wa shule angeuliza. "Sasa Bibi, kwenye mtihani niandike nini?" Nikamwambia: mwanangu, mtihani si mahali pa kubishana na msahihishaji usiyemjua. Wakiwa wawili andika "each other", wakiwa wengi andika "one another", hakuna atakayekukata. Ila ukikutana na mtu ameandika kinyume chake, usimcheke na usimsahihishe. Sipendi kumfundisha mtoto kukwepa hivyo, lakini alama ni zake, si zangu.

Sasa narudi kwa mzazi aliyeandika, kwa sababu zile sentensi tatu za insha ndizo anazozilalamikia yeye. Na kweli, zote tatu zina Kiswahili ndani yake. Mahali tunapoachana mimi naye ni hapa: yeye anaona Kiswahili kimezidi darasani. Mimi naona kimefukuzwa, kikaingilia dirishani.

Tuanze na "we love ourselves". Mtoto wa Kitanzania wa miaka mitatu anajua tofauti ya "wanajipenda" na "wanapendana". Hakufundishwa na mtu. Ukimwambia "Juma na Ali walijipiga" atakuuliza walijipiga na nini, ukimwambia "walipigana" atakuuliza nani kashinda. Kiambishi "-ji-" kinakirudisha kitendo kwa mtendaji mwenyewe, na "-ana" inakipeleka kwa mwenziwe na kukirudisha. Kiingereza kinafanya kazi ile ile kwa maneno ya kujitegemea: penye "-ji-" pana "themselves", "ourselves" na ndugu zao, penye "-ana" pana "each other" au "one another". Wanajitazama, "they are looking at themselves", wana kioo mbele yao. Wanatazamana, "they are looking at each other", kioo hakuna. Walijiua, "they killed themselves". Waliuana, "they killed each other". Mwandishi wa habari za polisi akichanganya hapo, amebadilisha kosa la jinai.

Basi mtoto anayejua tofauti hii tangu akiwa mgongoni kwa mama yake anaikosaje kwa Kiingereza? Kwa uzoefu wangu, anaikosa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kitu kile kile. Anafika shuleni anakaririshwa "myself, yourself, himself" kama wimbo, wiki nzima, na "each other" inapita mara moja katika mfano mmoja. Tena tuna misemo yetu inayomvuta upande usio wake: tunasema "wao kwa wao", tunasema "vita vya wenyewe kwa wenyewe". Akisikia "wenyewe" anachukua "themselves", anaandika "they fought themselves".

Hapa inabidi niwaonye walimu wenzangu wasije wakapiga marufuku nyingine. "Themselves" ina mahali pake halali hata kwenye kutendeana. Wazee walishauriana wao kwa wao, "the elders talked among themselves", ni Kiingereza safi. Likitanguliwa na "among" au "between", neno hilo linabeba maana ya wao kwa wao bila ubishi. Niliwahi kuona sentensi kama hiyo imekatwa kwa wino mwekundu, nikasikitika.

Sentensi ya pili, "I met each other with her", ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto hakukosea ovyo. Alifuata sarufi ya Kiswahili kwa uaminifu kabisa. Kiswahili kinaruhusu kitenzi cha kutendana kiwe na mtendaji mmoja, mwenziwe akaja nyuma na "na": nilionana naye, nimekosana na baba, ameachana na mumewe, anafanana na mama yake. "-ana" ipo, lakini aliye mbele ya kitenzi ni mmoja. Kwa "each other" Kiingereza hakikubali hivyo hata siku moja. "Each other" inadai wote wawe wameshatajwa mbele, kwa wingi, kabla haijatamkwa. Kwa hiyo mtoto aliyezoea "nilikutana naye" anaitafsiri "-ana" kuwa "each other", "naye" kuwa "with her", na "ni-" kuwa "I". Kila kipande kakipatia. Sentensi ndiyo imemkatalia.

Nilihangaika na kosa hili miaka mingi mpaka nilipolipatia mfano wa stendi. Niliwaambia watoto: "each other" ni kama dereva wa basi la Lushoto ambaye haondoi gari mpaka abiria wote wa safari hiyo wawe ndani. Huwezi kupanda peke yako ukasema mwenzangu tutamkuta Mombo. Kama mnasafiri wawili, pandeni wote: "Rehema and I met each other", au "Rehema and I met" tu, inatosha. Kama unataka kubaki peke yako mbele, basi mwenzio mweke nyuma kama mtendewa wa kawaida na "each other" uiache nyumbani: "I met Rehema." Anafanana na mama yake: "she resembles her mother", au "she and her mother resemble each other". Njia mbili, hakuna ya tatu. Baada ya hapo nikiona kosa pembeni ya insha nilikuwa naandika neno moja tu, "Mombo", na mtoto anajua cha kurekebisha.

Ugumu unazidi tunaposema "tulionana na Asha". Kwa Kiswahili cha kila siku hiyo inaweza kuwa na maana ya mimi na Asha, wawili tu. Inaweza pia kuwa na maana ya sisi kundi zima, tukamwona Asha. Msikilizaji anajua kutokana na mazungumzo. Kiingereza kinamlazimisha mtoto achague: "Asha and I saw each other" au "we saw Asha". Nilikuwa nawaomba watoto wachore kwanza watu waliopo, vichwa vya duara na miguu ya njiti, ndipo waandike. Mkaguzi mmoja aliingia akakuta kidato cha pili kinachora, akashangaa, nikamwomba akae dakika kumi aone. Alikaa.

Sentensi ya tatu, "we depend each other". Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kumsaidia mtoto zaidi kuliko kitabu chochote, kwa sababu vitenzi vyetu vimebeba ndani yake vitu ambavyo Kiingereza kinavitandaza nje. Chukua "waliandikiana". Ing'oe vipande. "Andika" ni "write". Ile "-i-" ya kutendea inasema kuna anayeandikiwa, nayo kwa Kiingereza ni "to". Ile "-ana" ni "each other". Zipange: "they wrote to each other". Walinunuliana zawadi: "they bought presents for each other". Mtoto akishaona kwamba neno moja la bibi yake limesheheni maneno matatu ya Kiingereza, na kila moja ana mahali pake pa kulichomolea, anacheka kwa furaha. Nimeliona hilo mara nyingi na halikunichosha.

Siyo kila "-i-" ina kihusishi chake, yaani neno dogo kama "to" au "for", na mwalimu aseme hivyo mapema asije akaumbuka. "Saidiana" ina "i" kwa sababu kitenzi chenyewe ni "saidia", na Kiingereza kinasema "help each other" bila kitu katikati. "Aminiana" vivyo hivyo, "trust each other". Na upande wa pili kuna vitenzi ambavyo kwetu havina "-i-" yoyote lakini Kiingereza kinadai kihusishi: tegemeana, "depend on each other", sikilizana, "listen to each other", chekana, "laugh at each other", ogopana, "be afraid of each other". Hivi ndivyo vinavyowaangusha, na dawa yake ni moja: kwanza sema kitenzi na mtu mmoja. "I depend on my sister", "I listen to my sister". Kihusishi kilichomtangulia dada ndicho kitakachoitangulia "each other". Mjukuu wangu tulipofika hapa alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu mwenyewe akaingiza "on" kwenye karatasi yake iliyokwishasahihishwa.

Mambo mengine nayapitia haraka. Vitenzi kama kutana, gombana, achana na tofautiana vina vifananishi vya Kiingereza ambavyo vimeshabeba kutendana tumboni, "meet", "quarrel", "part", "differ", kwa hiyo mtoto asisikie deni la kuandika "each other" kila aonapo "-ana". Walipeana mikono ni "they shook hands" basi. Tena si kila neno linaloishia hivyo ni la kutendana: "patikana" na "onekana" hazina wawili ndani yake, na "tukana" ni kitenzi kizima, kutendana kwake ni "tukanana".

Umiliki nao wasichana wa bweni hawausahau ukiwaletea mfano wa Jumamosi jioni. Walisukana nywele: "they plaited each other's hair". Walibebeana mizigo: "they carried each other's bags". Ile alama ya mkato wa juu inakaa kabla ya "s", siku zote, hata wakiwa wasichana 40, kwa sababu "other" hapa ni mmoja, ni yule mwenzio uliyemshika kichwa. Mabango na kadi nyingi za harusi zinaiweka baada ya "s". Tuirekebishe.

Mazoezi yangu niliyatoa kwenye methali, na hili nilianza kulifanya kwa siri. Shule mojawapo niliyofundisha ilikuwa na marufuku kama ile anayoiomba mzazi. Anayesikika akisema Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Watoto walijifunza kunyamaza na kuviziana. Darasani mikono haikunyooshwa tena, kwa sababu anayenyoosha mkono anaweza kuteleza. Nami siku za somo hili niliandika "wagombanao ndio wapatanao" kwa herufi ndogo kwenye kona ya ubao, nikafuta kabla ya kengele. Nilikuwa mwalimu mtu mzima, na nilifuta methali ya wazee wangu kwa kiganja kama mtu aliyefanya uchafu. Sijasahau.

Methali hiyo moja ina somo zima. Gombana, patana, na viambishi rejeshi juu yake. "Those who quarrel are the ones who make peace with each other." Watoto walibishana kama baada ya "quarrel" iwekwe "with each other", nikawaacha wabishane, kwa sababu zote mbili zinafaa na ubishi ule ulikuwa kwa Kiingereza. "Milima haikutani, binadamu hukutana" iliwaonyesha "meet" inayosimama peke yake. "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune" iliwachukua kipindi kizima. Na amri ile ya Yohana 13:34, ambayo Kiingereza kinaiandika kwa maneno matatu, Biblia ya Kiswahili inaiandika kwa neno moja tu, "Mpendane". Niliwaandikia yote mawili, moja juu ya lingine, Waislamu na Wakristo wakayatazama pamoja. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa Burundi akasema kwa Kirundi ni "gukundana", yaani "-ana" ile ile. Wazulu nao husema "thandana". Darasa lilichangamka. Walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba wanachokijua kina thamani katika somo la Kiingereza.

Kwa hiyo namwomba ndugu yangu mzazi aliyeandika, kabla ya kuomba marufuku, achukue insha ya mwanawe aisome akiwa na Kiswahili kichwani. Kila kosa aulize, hapa alitaka kusema nini kwa lugha yake? Mara nyingi atakuta mtoto alikuwa na wazo kamili na sarufi kamili, amekosa mtu wa kumwonyesha wapi lugha mbili zinashikana na wapi zinaachana. Na watunga mitaala nawaomba kitu kimoja: kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza kiwe na kurasa chache zinazoweka "-ji-" na "-ana" kando ya "themselves" na "each other", waziwazi, bila haya.

Mjukuu anarudi shule Jumapili. Tumekubaliana kwamba ile karatasi hataionyesha kwa mwalimu wake kama madai. Ataandika insha upya, kwa hiari yake, na kumwomba aisome. Sentensi ya kwanza ameshaiandika na nimeiona: "Rehema and I met in Standard Four, and we have depended on each other since then."

Mazoezi yangu ya methali yamejaa daftari moja la kurasa 64, kwa mwandiko wa mkono, na majibu yake nyuma. Mwalimu yeyote anayeyataka, hasa huyu kijana mwenye mikondo minne, aache anwani yake kwako, Mhariri, nami nitapeleka nakala kwa gharama yangu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga